Matanga moja, Biblia mbili: jinsi Neno lilivyofika Bunia

BUNIA, Ituri – Kwenye matanga ya Bunia viti vya plastiki hupangwa chini ya turubai, wamama wanapika nyuma ya nyumba, na saa ya maombi ikifika kila mtu anatoa Biblia yake. Kama marehemu alikuwa Mkatoliki, msomaji anaweza kutangaza Kitabu cha Hekima, sura ya tatu, pale panapozungumzia wenye haki walio salama kwa Mungu ingawa macho ya watu yanawaona wamekufa. Jirani Mprotestanti anafungua yake. Anapita Mithali, anapita Mhubiri, anafika Wimbo Ulio Bora, anarudi nyuma tena. Kitabu hicho hakimo.

Ndipo watu huulizana chini kwa chini: nani alikiondoa? Na mwingine anajibu kwa swali lake: nani alikiongeza?

Katika mji wenye Wakatoliki, Waanglikana, CECA 20, Wabranhamu, Waadventista na vyumba vya maombi kila mtaa, swali hilo si la wanafunzi wa teolojia peke yao. Linaulizwa Mudzipela, linaulizwa Nyakasanza, linaulizwa hata juu ya pikipiki. Jibu lake lina safari ndefu: linaanzia Misri, linapita Mombasa na Zanzibar, linaingia msitu wa Ituri. Na njiani mna jambo ambalo jimbo hili linahitaji kulikumbuka.

Maktaba, si kitabu kimoja

Neno Biblia limetoka Kigiriki, na maana yake ni vitabu. Si kitabu kimoja kilichoshuka kwa siku moja. Ni maktaba iliyoandikwa kwa karne nyingi, kwa Kiebrania, kwa sehemu ndogo Kiaramu, na kwa Kigiriki. Waandishi walitumia ngozi za wanyama, na walitumia karatasi iliyotengenezwa kwa mafunjo, yale majani marefu ya majini yenye kichwa kama ufagio. Mkaaji wa Ituri hana haja ya kwenda mbali kuyaona: yanaota kwenye kingo za Ziwa Albert, na maji ya ziwa hilo yanakwenda kuingia mto Nili, mto ule ule ambao Wamisri wa kale walivuna mafunjo yao ya kuandikia.

Misri ina sehemu nyingine kubwa zaidi. Katika mji wa Aleksandria, kuanzia karne ya 3 kabla ya Kristo, Wayahudi waliokuwa wamesahau Kiebrania walianza kutafsiri maandiko yao kwa Kigiriki. Katika mkusanyo huo wa Kigiriki viliingia vitabu ambavyo havikuwa katika orodha ya Kiebrania iliyokuja kukubaliwa na marabi: Tobiti, Yudithi, Wamakabayo, Yoshua bin Sira, na Hekima. Wataalamu wengi wanaona kwamba Hekima yenyewe iliandikwa kwa Kigiriki huko huko Aleksandria. Wakristo wa kwanza, ambao wengi wao walisoma Kigiriki, waliurithi mkusanyo huo.

Ubishi haukuchelewa. Mwaka 367 askofu wa Aleksandria, Atanasi, aliwaandikia Wakristo wa Misri barua ya Pasaka yenye orodha ya vitabu. Humo vimo vitabu 27 vya Agano Jipya, vile vile vinavyosomwa Bunia leo. Lakini Hekima, Sira, Yudithi na Tobiti aliviweka kando: si vya kuthibitishia mafundisho, bali ni vizuri kwa wanaoanza kujifunza imani. Miaka michache baadaye, kwenye mikutano ya maaskofu ya Hippo mwaka 393 na Karthago mwaka 397, katika nchi ambazo leo ni Aljeria na Tunisia, vitabu hivyo viliwekwa ndani ya orodha bila kutengwa. Agostino, mwana wa Afrika ya Kaskazini, alikuwa upande huo.

Kwa hiyo mabishano ya matanga ya Bunia yalianza kati ya Waafrika, zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, na wote walikuwa Wakristo wazuri.

Uamuzi wa mwisho ulikuja Ulaya. Martin Luther alipochapisha Biblia yake ya Kijerumani mwaka 1534 aliviacha vitabu hivyo ndani, lakini katika sehemu ya peke yake. Kanisa Katoliki likajibu kwenye mtaguso wa Trento mwaka 1546 kwamba ni Maandiko Matakatifu kamili. Ndiyo maana Wakatoliki wana vitabu 73 na Waprotestanti 66. Kisha mwaka 1826, baada ya ugomvi mkali, Chama cha Biblia cha Uingereza kilikata shauri kutovichapa tena hata katika sehemu ya kando. Chama hicho ndicho kilichokuja kuchapa Biblia nyingi za Afrika, za Kiswahili zikiwemo. Jirani anayetafuta Hekima katika Biblia yake ya Kiprotestanti basi hakuibiwa na mtu wa Bunia. Anagusa alama ya uamuzi uliofanywa London wakati Bunia haijakuwa mji.

Kadhi wa Mombasa

Mwaka 1844 Mjerumani mmoja, Johann Ludwig Krapf, alifika Mombasa. Mwezi Julai mwaka huo alimzika mke wake Rosine na mtoto wao mchanga. Hata hivyo alikuwa ameshaanza kazi ya kugeuza kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa mji, Ali bin Mohedin.

Jambo hilo linastahili kusomwa mara mbili. Mwalimu wa lugha aliyemshika mkono mtafsiri wa kwanza wa Biblia ya Kiswahili alikuwa kadhi, Mwislamu, msomi wa sheria. Hakubadili dini. Alimsaidia mgeni kutafuta neno linalofaa. Sura tatu za kwanza za Mwanzo zilichapwa Marekani mwaka 1847. Maneno ambayo Mkristo wa Bunia anayatamka kila siku, kama dhambi, imani, roho, sala, shetani na malaika, yametoka katika Kiswahili hicho cha pwani, na pwani iliyapata kwa Waarabu. Mhubiri wa Bunia anayeukemea Uislamu kwa sauti kubwa anaukemea kwa maneno aliyokopa kwao.

Zanzibar kazi iliendelea chini ya Edward Steere, Mwanglikana, aliyefika kisiwani mwaka 1864. Miongoni mwa waliopanga herufi na kuendesha mashine yake ya kuchapa walikuwa vijana waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Steere alifariki mwaka 1882 kabla ya kumaliza. Wenzake wakamaliza, na Biblia nzima ya Kiswahili cha Unguja ikatoka mwaka 1891. Wamisionari wa Mombasa nao walikuwa na tafsiri yao. Ilichukua mpaka mwaka 1952 kupata Biblia moja ya pamoja kwa Afrika Mashariki, ile inayoitwa Union Version, ambayo ingali mikononi mwa wengi mpaka leo.

Lugha ilitangulia kitabu

Huku Ituri Kiswahili kilifika kabla ya Biblia, na hakikuletwa na wahubiri. Kililetwa na misafara ya meno ya tembo na watumwa, iliyopanda kutoka Maniema. Henry Morton Stanley alipopita msituni mwaka 1887 aliwakuta Ugarrowwa na Kilonga-Longa na watu wao wamekwisha kujenga vituo kandokando ya mto Ituri. Watu wa misafara walijiita Waungwana, na kutoka jina hilo lugha yao ikaitwa Kingwana.

Wazee wa msituni waliisikia lugha hiyo kwanza ikitoa amri ya kubeba mizigo. Baadaye dhahabu ikagunduliwa Kilo mwaka 1903, wafanyakazi wakaletwa kutoka kila kabila, na Kingwana kikawa lugha ya machimbo na ya soko. Wamisionari walikikuta njiani. Mwingereza C. T. Studd, aliyeingia Kongo mwaka 1913 na kufia Ibambi mwaka 1931, alitumia miaka ya uzee wake kutafsiri Agano Jipya kwa Kingwana. Biblia nzima ya Kiswahili cha Kongo ilitoka mwaka 1960, mwaka wa uhuru. Lugha iliyowahi kutumika kufunga watu kamba ikawa lugha ya kuwabariki maharusi.

Mwalimu mwenye jembe

Lakini Neno lenyewe liliingia Ituri kwa mlango mwingine, kutoka mashariki, kwa miguu ya Mwafrika.

Boga, kama kilomita 100 kusini ya Bunia, wakati ule iliitwa Mboga na ilihesabiwa upande wa Uganda. Walimu wawili Waganda walitangulia kufika, lakini chifu Tabaro aliwanyima chakula mpaka wakaondoka. Mwishoni mwa mwaka 1896 akaja wa tatu, Apolo Kivebulaya, aliyebatizwa mwaka uliotangulia. Alikuwa amejifunza kwa wenzake waliofukuzwa kwa njaa: alikuja na jembe, ili alime chakula chake mwenyewe.

Alikuja pia na maandiko ya Kiganda. Biblia nzima ya Kiganda ilikuwa imetoka mwaka huo huo wa 1896, imechapwa nene na nyembamba upande, ili iingie ndani ya kopo la biskuti na mchwa wasiile. Kila mama wa Ituri anayefunga Biblia yake katika mfuko wa plastiki kabla ya kuiweka juu ya kabati anaendeleza desturi hiyo bila kujua.

Mambo ya Apolo hayakuwa mepesi. Alipigwa. Dada ya chifu alipoanguka juu ya mkuki na kufa, Apolo alishitakiwa kwamba ameua, akafungwa minyororo na kupelekwa jela Toro. Alipoachiliwa alirudi kwa watu wale wale. Tabaro mwenyewe, chifu aliyewanyima walimu chakula, mwishowe aliomba kufundishwa na akabatizwa. Apolo akawekwa ushemasi mwaka 1900 na upadri mwaka 1903.

Wazungu walipohamisha mpaka na Mboga ikabaki upande wa Wabelgiji, yeye alirudi tena Mboga na kukaa. Uzeeni alianza kuwaendea Wambuti wa msituni, watu ambao majirani wengi hawakuwahesabu kama watu wa kufundishwa chochote. Alijifunza lugha yao na kuwatafsiria Injili ya Marko. Alifariki Boga tarehe 30 Mei 1933. Desturi ilikuwa kumzika mtu kichwa kikielekea mashariki, nyumbani kwao. Yeye aliagiza kichwa chake kielekezwe magharibi, kwenye msitu, kwa sababu kazi ya huko haijaisha.

Baada yake na pamoja naye walikuja wengine. Africa Inland Mission, mama wa CECA 20 ya leo, ilianza Kasengu karibu na Mahagi mwaka 1912. Mapadri Weupe walijenga misheni za Kikatoliki, na Bunia ikawa dayosisi mwaka 1959. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano Wakatoliki nao walianza kusikia masomo ya misa kwa lugha wanazozielewa, na jumuiya ndogo za mitaani, CEVB, zikawaweka walei wenyewe na Biblia mkononi. Waanglikana waliohama Boga kutafuta kazi Bunia walijikuta kati ya majirani wa makabila mengine, na Kiswahili kikachukua nafasi katika ibada yao. Leo watafsiri wa Biblia wa lugha za jimbo hufundishwa Bunia kwenyewe, katika Université Shalom, chuo kilichopata jina hilo mwaka 2007.

Mtoto wa Noa aliyesingiziwa

Historia hii ina ukurasa mchungu. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 9, kinasimulia jinsi Noa alivyolewa na jinsi alivyotamka laana. Wazungu wa zamani walisema laana hiyo ilimwangukia Hamu, na kwamba Hamu ni baba wa watu weusi, basi utumwa ni haki yao. Baadaye wakageuza hadithi. Mwaka 1863 John Hanning Speke aliandika kwamba watawala wafugaji wa nchi za maziwa makuu ni wageni wenye asili ya juu kutoka Ethiopia. Watu hao wakaitwa Wahamu, safari hii kwa sifa.

Ituri ililipa gharama ya hadithi hiyo. Katika macho ya wakoloni Wahema wakawa watu waliozaliwa kutawala, Walendu watu wa kutawaliwa. Chifu Bomera, Mhema, alipouawa mwaka 1911 katika eneo la Irumu, ugomvi wa utawala na ardhi ukazidi kusomwa kama ugomvi wa damu, na baadaye Wabelgiji wakatenga machifu wa kila upande. Shule na kazi nzuri zilielekea upande mmoja zaidi ya mwingine, na ardhi ikafuata njia hiyo.

Anayefungua sura hiyo leo kwa lugha anayoielewa anaona kitu rahisi. Aliyelaaniwa kwa jina ni Kanaani, si Hamu. Hakuna mtu mweusi ndani ya kisa hicho, hakuna Mhema, hakuna Mlendu. Mafundisho yaliyogawa nchi hayakutoka ndani ya kitabu; yaliwekwa juu yake na watu ambao walisomwa kwa niaba ya wengine. Hii ndiyo faida moja ya tafsiri ambayo haihubiriwi sana: inamwezesha msikilizaji kumkagua mhubiri.

Na kuna jambo jingine. Wahema wa Djugu, wanaoitwa pia Wagegere, hawaongei Kihema kama ndugu zao wa kusini. Lugha yao ya nyumbani ni Kilendu, Baledha. Agano Jipya la Kilendu lililotafsiriwa enzi ya ukoloni halikuwa la kabila moja. Mama Mhema na mama Mlendu wa Djugu wanasali Baba Yetu kwa maneno yale yale, na wanapofika mahali pa kuwasamehe waliowakosea wanatumia neno lile lile.

Kitabu hakikuzuia

Haitakuwa haki kumaliza hapo kana kwamba kitabu kilitosha. Kati ya 1999 na 2003 watu zaidi ya 50,000 waliuawa Ituri, kwa makadirio ya mashirika ya haki za binadamu, na wengi wa waliouana walikuwa wamebatizwa. Septemba 2002 hospitali ya Kiprotestanti ya Nyankunde ilivamiwa na wagonjwa wakauawa vitandani. Mei 2003, Bunia ilipopiganiwa mtaa kwa mtaa, mapadri waliuawa pamoja na watu waliokimbilia parokiani. Vita vilirudi Djugu mwishoni mwa 2017, na mpaka leo wakimbizi wa ndani wanaishi chini ya turubai Kigonze. Usiku wa kuamkia 27 Julai 2025, waumini waliokuwa katika mkesha wa maombi kwenye parokia ya Komanda walishambuliwa, na zaidi ya 30 wakafa.

Pande zote ziliua, na pande zote zilizika. Biblia ilikuwa kwenye mazishi ya kila upande.

Hata hivyo inaonekana pia mahali pengine. Mtu anayekimbia usiku hubeba mtoto, sufuria, karatasi za shule, na mara nyingi Biblia, kwa sababu familia nyingi zimeandika kwenye kurasa zake za mbele tarehe za kuzaliwa na za kufa. Nyumba ikichomwa, ukurasa huo unabaki ushahidi pekee kwamba watu fulani walikuwepo, na majina yao yalikuwa haya. Katika kambi, kwaya hufanya mazoezi kabla mahema hayajatosha. Na mashemeji wa makabila mawili, ambao ndoa yao ilikuwa ya amani na ambao vita viliwatenganisha, mara nyingi hukutana tena kwa mara ya kwanza kwenye matanga, kwa sababu hapo hakuna anayeweza kufukuzwa.

Kwa hiyo turudi chini ya turubai. Kitabu kilichoko mkononi mwa kila mmoja kilipitia kwa Wayahudi wa Aleksandria, kwa maaskofu wa Afrika waliobishana bila kuuana, kwa kadhi wa Mombasa, kwa vijana waliotoka utumwani Zanzibar, kwa Mganda mwenye jembe aliyelala Boga ameelekea msitu. Hakuna kabila la Ituri lililokiandika, na hakuna linaloweza kusema ni lake peke yake.

Msomaji anatangaza Hekima, sura ya tatu. Jirani aliyekosa ukurasa anafunga Biblia yake juu ya magoti na kusikiliza. Hajapungukiwa na kitu. Kabla ya mashine za kuchapa, kabla ya kopo la biskuti, hivyo ndivyo karibu watu wote walivyolipokea Neno: mmoja anasoma kwa sauti, wengine wametulia, hakuna anayemuuliza jirani yake ni wa wapi.